Natafuta AA, napewa shule ya udereva

Wiki hii tuweke kando Python, seva na bei za kompyuta. Nataka kuzungumzia jambo ambalo sisi watu wa programu tunalijua vizuri lakini tunalinyamazia: pombe. Nina swali moja dogo ambalo ukilisikia utadhani ni rahisi. Mtu wa Nairobi, Nakuru au Mombasa ameamua jioni hii kwamba anataka kuacha pombe. Amesikia kuna makundi ya watu wanaosaidiana kuacha. Je, atajuaje kundi liko wapi, linakutana siku gani, saa ngapi, na mlango ni upi?

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome hadi mwisho ukitafuta ninakoelekea. Hatuhitaji programu nyingine ya simu ya "kutibu ulevi". Tunahitaji orodha sahihi ya mikutano, inayokaguliwa na mtu mara kwa mara, na tunahitaji binadamu wa kupokea simu upande wa pili. Kazi ya kwanza inatuhusu sisi wenye kompyuta. Ya pili hakuna kompyuta itakayoifanya.

Jaribu mwenyewe. Fungua simu yako, nenda kwenye mtambo wa kutafuta, uandike "AA Kenya". Usishangae ukiletewa chama cha wenye magari, kile kinachofundisha watu udereva na kukagua magari. Chama hicho hakina kosa lolote, hilo ni jina lake halali na kimekuwa nalo miaka mingi. Lakini fikiria mtu ambaye mikono inamtetemeka, saa tano za usiku, mkewe amelala chumba kingine, anatafuta Alcoholics Anonymous, na anachoonyeshwa ni masomo ya kuegesha gari. Akibadilisha maneno aandike "rehab", atamwagiwa matangazo ya vituo vya kulala ndani miezi mitatu, vyenye picha za bustani na simu ya kuuliza bei. Akiandika kwa Kiswahili "kundi la kuacha pombe", mara nyingi ataletewa mahubiri na habari za polisi kumwaga chang'aa.

Hapa ni lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huchanganya. Kituo cha matibabu ni mahali unapolazwa, kuna wauguzi na washauri, na kwa kawaida kuna malipo. Kundi la kusaidiana ni watu wanaokutana saa moja hivi kwa wiki, au mara kadhaa kwa wiki, katika chumba cha kuazima, bila daktari, bila karani, bila ada. Ukitaka kuingia AA sharti ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Hujazi fomu. Huulizwi kitambulisho. Kikapu kinapitishwa cha kulipia chumba na kahawa, na asiye na kitu hupitisha tu kikapu kwa jirani yake.

Kwa mtu wa mshahara mdogo, tofauti hiyo ni kubwa mno. Kituo kinaweza kumaliza akiba ya ukoo mzima. Kundi humgharimu nauli ya matatu. Na bado anayelipia matangazo ni kituo, kwa hiyo kituo ndicho kinachoonekana kwanza. Kundi halina bajeti ya matangazo, na kwa kanuni zake lenyewe halitaki kuwa nayo.

Kama unadhani ninazungumzia watu wachache, NACADA, mamlaka ya serikali inayoshughulikia pombe na dawa za kulevya, ilitoa matokeo ya utafiti wake wa kitaifa wa mwaka 2022. Ulionyesha kwamba mtu 1 kati ya kila 20 wa umri wa miaka 15 hadi 65 nchini Kenya ana uraibu wa pombe. Hao ni zaidi ya watu milioni 1.3. Ofisi ya watu arobaini, wawili wako hapo. Matatu ya abiria kumi na wanne imejaa, ukihesabu matatu tatu kuna wawili. Hatuzungumzii "walevi wa mtaroni". Tunazungumzia mtu anayekutumia msimbo wake uukague kila Jumatatu na ambaye hapatikani kila Jumatatu kabla ya saa tano.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Binamu yangu, ambaye ni fundi wa stima na ameniruhusu kuandika haya bila jina, aliniomba nimtafutie kundi. Aliniambia, "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Nitafutie hao watu." Nilikaa dakika arobaini. Orodha ya kwanza ilikuwa ya tovuti ya ng'ambo, iliyotaja jina la mji na kuishia hapo. Ya pili ilikuwa na nambari ya simu, na mteja hakupatikana. Ya tatu ilikuwa na kila kitu: ukumbi wa kanisa, Alhamisi, saa kumi na mbili unusu jioni. Tukaenda. Lango lilikuwa limefungwa. Soja akatuchungulia na kusema, "Hao watu wa kahawa? Walihama kitambo. Siku hizi hapa ni mazoezi ya kwaya, na leo hakuna."

Binamu alicheka. Akasema, "Basi hata wao wamenikataa," tukarudi steji tukipita baa nne zilizokuwa wazi. Wiki tatu zilipita kabla hajakubali kujaribu tena. Katika wiki hizo alianguka kwenye ngazi za ploti akavunjika mkono wa kulia, na fundi wa stima bila mkono wa kulia hana kazi. Sisemi orodha ndiyo iliyomsukuma kwenye ngazi. Nasema alikuwa na jioni moja ya ujasiri, na orodha ikaila.

Hili ndilo ninalotaka wenzangu wa programu walielewe. Mtu anayetafuta mkahawa akipewa anwani ya zamani, atanuna na kutafuta mkahawa mwingine. Mtu anayetafuta kundi la kuacha pombe amebishana na nafsi yake miezi, pengine miaka. Nusu ya kichwa chake inatafuta sababu ya kurudi nyumbani. Lango lililofungwa ni sababu nzuri kuliko zote. Kwa hiyo data iliyochakaa hapa si kero ndogo. Inafanya kazi upande wa pombe.

Kwa nini orodha hizi huchakaa? Si uvivu. Ni kwa sababu ya jinsi makundi yenyewe yalivyo. Kundi halina ofisi wala mwajiriwa. Linaazima chumba, na akija padre mpya au ukumbi ukikodishwa kwa harusi, linahamia kwingine. Mwenye kazi ya katibu hubadilishwa mara kwa mara ili asijifanye mwenye kundi. Nambari ya simu iliyoandikwa ni ya mtu binafsi, na hapa kwetu laini ikikaa bila kutumika muda mrefu hurudishwa sokoni akauziwa mtu mwingine. Halafu ulikuja mwaka 2020 na korona: kumbi zikafungwa, mikutano mingi duniani ikahamia kwenye video, mingine ikarudi, mingine ikabaki huko huko, mingine ikafa. Orodha zilizonakiliwa kabla ya mwaka huo bado zinazunguka, kwa sababu kunakili orodha ni kazi ya dakika moja na kuithibitisha ni kazi ya simu ishirini.

Habari njema ni kwamba upande wa kiufundi wa tatizo hili umeshatatuliwa, na umetatuliwa kwa njia ambayo sisi wapenzi wa programu huria tunaipenda. Kuna programu ya simu iitwayo Meeting Guide, inayotolewa na ofisi ya huduma ya AA iliyoko New York. Haina mtu mmoja anayekaa akiandika mikutano yote. Kila eneo linatunza orodha yake kwenye tovuti yake, linaitoa kwa muundo wa JSON uliokubaliwa, na programu inakuja kuisoma. Muundo wenyewe ni wa wazi, uko kwenye GitHub. Ni mwepisi hadi utacheka: jina la mkutano, siku kwa nambari (0 ni Jumapili, 6 ni Jumamosi), saa ya kuanza, anwani, na herufi za kueleza aina. O ni mkutano wa wazi ambao hata mtu asiye mlevi anaweza kuhudhuria. C ni mkutano uliofungwa, wa wenye tatizo lenyewe tu. Kuna hata kiongezi cha bure cha WordPress kiitwacho 12 Step Meeting List, ambacho mtu asiyejua kuandika programu anaweza kukiweka kwenye tovuti mchana mmoja.

Kwa hiyo ukija kwangu na wazo la "programu ya Kikenya ya kuwaunganisha walevi", ikiwa na akili bandia ndani, pointi na bendera za rangi, nitakuuliza swali moja tu: nani atapiga simu ishirini kila mwezi? Kama huna jibu, umejenga lango jipya lililofungwa, ila hili lina picha nzuri. Kama una jibu, basi huhitaji programu mpya. Unahitaji lahajedwali, kiongezi kile, na mtu mwenye subira.

Pendekezo langu ni hili. Kila mkutano kwenye orodha uandikwe tarehe ulipothibitishwa mara ya mwisho, na tarehe hiyo ionekane na msomaji, si ifichwe kwenye hifadhidata. Mkutano uliopita siku 90 bila kuthibitishwa uwekewe alama ya tahadhari: "piga simu kwanza". Uliopita siku 180 uondolewe. Orodha fupi ya kweli inashinda orodha ndefu ya makaburi. Na nambari ya simu iwe ya kazi, laini ya kundi inayopita kutoka kwa katibu hadi katibu, isiwe nambari ya mtu binafsi atakayehama nayo.

Kisha kuna suala la siri, na hapa watu wa teknolojia tunaweza kuharibu kitu kizuri kwa nia njema. Neno "Anonymous" katika jina lile si pambo. Mwalimu, rubani, kasisi, mhasibu wa benki: wapo wengi ambao hawataingia kama kuna uwezekano wa jina lao kutoka nje. Angalia jinsi vifaa vyetu vya kila siku vilivyo adui wa jambo hilo. Ukimwingiza mtu kwenye kundi la WhatsApp, kila mwanachama anaiona nambari yake, na jina la kundi linatokea juu ya skrini wakati simu iko mezani kwa bosi. Ukiichukua nambari hiyo ukaipitisha kwenye Truecaller, unaweza kupata jina. Ukisema sadaka ya kahawa itumwe kwa M-Pesa, jina la mtumaji linaonekana kwa mpokeaji na kumbukumbu inabaki. Kikapu cha sarafu hakina kumbukumbu. Watu hawa waliunda mfumo usiohifadhi data miongo mingi kabla Kenya haijapitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na kanuni yao ni bora kuliko nyingi tunazoandika: usichokikusanya hakiwezi kuvuja.

Basi orodha ya mikutano isimwombe mtu kujisajili. Isimwombe barua pepe. Isiwe na vidakuzi vya matangazo, maana aliyesoma ukurasa wa kuacha pombe leo hapaswi kuandamwa kesho na matangazo ya vituo, wala, Mungu apishe mbali, ya bia. Ukurasa uwe mwepisi, ufunguke kwenye simu ya bei ndogo yenye bando la shilingi ishirini. Maandishi, saa, mahali, nambari. Basi.

Nimesema pia kwamba orodha pekee haitoshi. Wapo watakaosema nadharau kazi yetu, kwa hiyo nitoe ushahidi. Mwaka 1981 watafiti wawili wa Marekani, Sisson na Mallams, walichapisha jaribio dogo la watu 20 waliokuwa wakitibiwa ulevi. Kumi walipewa maelezo ya kawaida: AA ni nini, mikutano iko wapi, nenda. Wale wengine kumi, mshauri alimpigia simu mwanachama wa AA hapo hapo wakiwa wamekaa, wakazungumza naye, na mwanachama akajitolea kuwapeleka mkutanoni. Katika kundi la pili wote kumi walihudhuria. Katika kundi la kwanza hakuhudhuria hata mmoja. Watu 20 ni wachache, najua, lakini kumi kwa sufuri si tofauti ya kupuuza.

Na ukitazama historia yenyewe, ndivyo AA ilivyoanza. Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alikwama katika mji wa Akron, Ohio, baada ya biashara yake kuharibika. Alikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, baa ikimwita upande mmoja. Upande wa pili palikuwa na orodha ya makanisa ya mji na simu. Akachagua simu. Alipiga akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, na simu hizo zikamfikisha kwa daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith, aliyekuwa mlevi naye. Daktari alikuwa amekubali kumpa dakika kumi na tano. Walizungumza saa sita hivi. Tarehe 10 Juni 1935, siku ambayo kwa mapokeo yao Dkt. Bob alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa AA. Tafakari hapo: orodha ukutani, ikiwa sahihi, halafu sauti ya mtu. Kama nambari zile zingekuwa za zamani, sijui leo tungekuwa tunazungumzia nini.

Binamu yangu naye hakufika kwa sababu ya dakika zangu arobaini. Muuguzi aliyemfunga plasta ya mkono alimjua mzee mmoja ambaye hajanywa miaka mingi. Mzee akapiga simu mwenyewe: "Kijana, Jumanne nitakungoja steji, nimevaa kofia ya kahawia. Ukichelewa nitangoja. Ukiwa umekunywa njoo hivyo hivyo, ila usiongee sana." Akaenda.

Mimi nilimsindikiza baadaye kwenye mkutano wa wazi. Sitaji mtaa wala siku, na niliyoyasikia kwa watu yabaki kwao. Ninaweza tu kueleza mpangilio, maana najua wengi huogopa kitu wasichokijua. Viti vimepangwa duara. Kuna birika la chai. Mmoja anaongoza, si mkubwa wa mtu, ni zamu yake tu. Kunasomwa Hatua 12. Mtu anayetaka kuongea husema jina lake la kwanza na kwamba yeye ni mlevi, wenzake wanamsalimu, anaeleza yaliyompata, anamaliza, wanashukuru. Hakuna anayemkatiza. Hakuna anayemshauri "ungefanya hivi". Asiyetaka kuongea anasema "leo nasikiliza tu", na hiyo inatosha. Mwishoni kuna maombi mafupi ya kuomba utulivu. Baada ya hapo watu hawakimbii: wanabaki wakioshea vikombe na kupeana nambari, kila mtu kwa hiari yake. Nikaona wazi kwamba nusu ya dawa iko kwenye vile vikombe.

Kuna pingamizi nazisikia, na si za kupuuzwa.

La kwanza: "Hayo ni mambo ya kanisa." Mikutano mingi hufanyika kwenye vyumba vya makanisa kwa sababu makanisa ndiyo yenye vyumba, na Hatua 12 zinamtaja Mungu, kila mtu kwa jinsi anavyomwelewa. Kwa Mwislamu wa Pwani, kuonekana akiingia lango la kanisa kwa habari ya pombe ni aibu mara mbili, na sitamwambia kwamba anaogopa bure. Ndiyo maana naona orodha nzuri ieleze aina ya jengo na lugha inayotumika, na iwekee mikutano ya video alama yake. Asiyetaka kabisa habari za Mungu anaweza kutazama SMART Recovery, shirika lililoanza Marekani mwaka 1994, linalotumia mbinu za saikolojia na lina mikutano mtandaoni.

La pili: "Inafanya kazi kweli?" Mwaka 2020 shirika la Cochrane lilichapisha mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Katika majaribio yaliyopangwa vizuri, baada ya mwaka mmoja watu 42 kati ya 100 waliotibiwa kwa njia ya kuunganishwa na AA walikuwa hawanywi kabisa, ukilinganisha na 35 kati ya 100 waliopata matibabu mengine kama ya kubadilisha fikra na tabia. Si muujiza. Wengi bado wanaanguka. Lakini kwa kitu cha bure, mimi ningekichukua.

La tatu ni la wanawake, na ni zito. Kuingia peke yako kwenye chumba chenye wanaume kumi na mmoja na kueleza maisha yako si jambo dogo. Mikutano ya wanawake ipo mahali fulani fulani, na kwa mtandao ipo mingi. Orodha isiyoonyesha ipi ni ya wanawake imemfungia lango nusu ya nchi.

Haya, kama wewe au mtu wako mnatafuta sasa hivi, fuateni hivi:

1. Kama mtu anakunywa kila siku na kwa wingi, asiache ghafla peke yake nyumbani. Kutetemeka huanza ndani ya saa chache. Kifafa cha kuacha pombe kinaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka kunakoweza kuua huja mara nyingi siku ya pili hadi ya nne. Aende hospitali kwanza. Kuna dawa za kumvusha salama. Kundi la kusaidiana si mahali pa kutibu hilo, na "kutoa loki" asubuhi si tiba.

2. Piga 1192. Ni laini ya NACADA, haina malipo. Uliza wazi: "Nataka kundi la kusaidiana lililo karibu nami, si kituo cha kulazwa." Ukisema hivyo utajibiwa tofauti.

3. Ukitafuta mtandaoni, andika jina zima, Alcoholics Anonymous, pamoja na jina la mji. Usiandike AA peke yake, tumeshaona utapelekwa wapi. Uliza pia kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya kaunti, maana wauguzi huwajua watu.

4. Ukipata nambari, piga kabla ya kwenda. Uliza mambo matatu: mnakutana bado, mlango ni upi, na je, kuna mtu anaweza kunipokea langoni? Hilo la tatu ndilo kubwa.

5. Usihukumu kwa mkutano mmoja. Makundi yana tabia tofauti kama matatu za laini tofauti. Jaribu matatu au manne kabla ya kusema si yako.

6. Kama mlevi ni mume, mama au mtoto wako na hataki kusikia, kuna Al-Anon, iliyoundwa mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa za walevi. Wewe unaweza kwenda hata kama yeye hajaenda.

Na kwenu wenzangu wa kuandika programu, nina maombi mawili. Moja, tuache kuifanya bia iwe mshahara wetu wa pili. Toleo likitoka, bia. Mashindano ya msimbo, mdhamini ni bia. Mgeni akija, bia. Yule 1 kati ya 20 yuko kwenye picha hiyo akitabasamu, na akiomba soda tunamwuliza kama ni mgonjwa. Wekeni soda na chai mezani bila maswali, haigharimu kitu.

Mbili, kama unajitolea wikendi moja kwa mwaka, usiandike programu mpya. Tafuta watu wa makundi wa mji wako, uwaulize kama wanataka msaada na orodha yao, na kama wakikataa uheshimu. Wakikubali, fanya kazi ile ya kuchosha: piga simu, nenda ukaangalie lango, rekebisha saa, andika tarehe. Hakuna atakayekupa tuzo, na jina lako halitatajwa popote. Hilo nalo litakuwa katika desturi yao.

Maoni yako wazi kama kawaida. Ukiandika, tumia jina la kubuni, usitaje mtu mwingine, na usitaje ukumbi wa kundi lako. Lakini ukijua nambari ya simu ya kundi ambayo umeipiga mwenyewe wiki hii na ikapokewa, hiyo nitashukuru sana kuijua. Wiki ijayo turudi kwenye seva.